Zamu ya Baba

Mdogo wetu, mtoto wa tisa nyumbani, alizaliwa wiki saba kabla ya siku yake, mwezi wa sita, wakati asubuhi za huku kwetu milimani zina baridi ya kumfanya mtu atoe moshi mdomoni. Alikuwa na kilo moja na gramu mia sita. Mimi, Aline, ndimi wa kwanza kati ya hao tisa. Nina miaka ishirini, na wadogo zangu wote nimewabeba mgongoni mmoja baada ya mwingine. Lakini huyu nilipomwona niliogopa hata kumgusa. Kiganja cha Baba kilimtosha.

Alizaliwa kwenye zahanati ya kijiji chetu, upande wa Nyakitonto, halafu gari la wagonjwa likamchukua yeye na Mama hadi hospitali, Kasulu mjini. Walikaa siku kumi na nane. Huko ndiko nesi mmoja aitwaye Swaumu, mwanamke mfupi anayeongea harakaharaka, alikomfundisha Mama jinsi ya kumtunza mtoto njiti. Mtoto anavuliwa nguo zote, anabaki na nepi, kofia na soksi. Anawekwa katikati ya kifua kilicho wazi, ngozi kwa ngozi, anafungwa kitenge, ndipo nguo ya aliyembeba inakuja juu yake. Asubuhi, mchana, usiku, mpaka afike kilo mbili na nusu.

"Muda wote huo?" Baba aliuliza siku tulipokwenda kuwachukua. "Sasa mama yao atalala saa ngapi?"

"Kwani nyumbani mko wangapi?"

"Na huyu, kumi na wawili."

"Basi vifua mnavyo," Swaumu akasema. "Mtu yeyote mzima, asiyekohoa, aliyenawa vizuri. Hata wewe, mzee wangu. Kifua cha mwanaume kina joto zuri tu."

Baba akacheka kwa adabu, kama mtu aliyetaniwa na mkwe. Mama hakucheka. Alimtazama kuanzia kwenye kola hadi kwenye mkanda, namna anavyotazama shamba kabla ya kuamua nani alime wapi.

Mama yangu, Kezia, haongei kwa sauti kubwa. Jioni ya siku tuliyorudi alituita sote sebuleni akagawa zamu. Mimi asubuhi mpaka saa tano, maana mchana huwa nakwenda kusuka nywele za watu pale senta. Bibi Esteri, mama yake Baba, baada ya chakula cha mchana. Baba kuanzia saa kumi mpaka saa moja jioni. Yeye mwenyewe muda wote uliobaki, pamoja na kunyonyesha kila baada ya saa mbili. Wadogo zangu wakapewa kuni, maji, vyombo na maharage ya kupukuchua.

Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupinga.

"Mtoto anafungwa blanketi, analazwa karibu na moto," alisema. "Mimi nilitoka Burundi mwaka sabini na mbili nikiwa na mimba ya huyu mumeo Felisiani, nikamzaa huku, nikazaa na wengine. Wanangu wote walikua kwa blanketi na moto."

"Wote, Mama?" mama yangu akauliza taratibu.

Bibi aliangalia mikono yake, akavuta shuka lake mabegani. Baadaye akasema, "Haya, nipeni hiyo zamu. Lakini ni kwa ajili ya baridi tu, mimi mwenyewe nahitaji wa kunipasha joto."

Ndiye pia aliyempa mtoto jina, Niyubahwe, yaani Mungu aheshimiwe. Hilo halikuwa na mpinzani.

Upinzani wa Baba ulikuwa wa namna nyingine. Yeye ni mtu wa watu. Ni mjumbe wa serikali ya kijiji, anaimba besi kwenye kwaya ya kanisa, na kila jioni kuna mtu anapiga hodi kwake na shauri lake.

"Mama Aline, wewe unajua watu wanakuja kuniona hapa," alisema.

"Watakukuta na mwanao."

"Kifua wazi?"

"Wakati wa kufyatua matofali unakaa kifua wazi tangu asubuhi. Kuna mtu alilalamika?"

Siku ya kwanza Baba alichukua zamu yake akiwa chumbani, mlango umefungwa, amekaa wima kwenye stuli kama anapigwa picha ya kitambulisho. Siku ya pili aliacha mlango wazi kidogo. Siku ya tatu nilirudi kutoka senta nikamkuta amekaa barazani, koti lake kubwa la mtumba limemfunika yeye na mtoto, anapukuchua maharage kwa mkono mmoja na kuimba kwa sauti ya chini kabisa, ile ambayo kwenye kwaya huisikii bali unaihisi kwenye benchi. Niyubahwe alikuwa amelala, shavu limebanwa kwenye kifua cha Baba, mdomo wazi.

"Anapenda besi," Baba aliniambia, kama vile amegundua kitu ambacho hospitali hawakijui.

Mambo yalikwenda vizuri kwa siku kumi hivi. Kisha mapacha wetu, Bukuru na Butoyi, wakaja na mafua kutoka shule. Ndani ya siku nne nyumba nzima ilikuwa inakohoa. Nilikohoa mimi, akakohoa Bibi, wakakohoa wadogo zangu wote. Mama hakubembeleza mtu. Alituondoa kwenye zamu mmoja baada ya mwingine, akasema anayekohoa asisogee karibu na mtoto, na anayempelekea yeye chakula afunge kitambaa puani na mdomoni. Wazima walibaki wawili tu, yeye na Baba.

Alijaribu kuubeba mzigo wote peke yake. Asubuhi moja nilimkuta jikoni amesimama mbele ya sufuria ya uji, mwiko mkononi, amefumba macho. Uji ulikuwa unaungua na yeye hasikii harufu. Baba aliyekuwa nyuma yangu akanipita, akamshika bega.

"Nipe huyo mtoto," alisema. "Nenda ukalale."

"Zamu yako ni saa kumi."

"Zamu yangu imeanza sasa hivi."

Kuanzia siku ile Baba alimbeba Niyubahwe asubuhi mpaka jioni. Muda wa kunyonya ukifika alimpeleka kwa Mama. Mama akiwa amelala usingizi mzito hakumwamsha, alimnywesha kwa kikombe kidogo maziwa yaliyokamuliwa, tone kwa tone, kama Swaumu alivyotuelekeza. Alizunguka na mtoto kwenye migomba, alikwenda naye kukagua kahawa. Jirani akipita na kusema "Mwakeye," salamu ya asubuhi ya huku kwetu, Baba aliitikia bila kufunga koti.

Jumamosi ya wiki ile palikuwa na mkutano mkuu wa kijiji, saa nane mchana, kwenye uwanja wa shule. Watu wa maji wa wilaya walikuwa wamesema kwamba mwaka huu bomba kutoka chemchemi ya mlimani litafika kijijini, lakini kituo cha kuchotea kitakuwa kimoja tu. Kijiji kiamue kiwekwe wapi. Kulikuwa na wazo la senta, penye maduka, na kulikuwa na wazo la zahanati. Hili la zahanati lilikuwa la Baba.

Saa saba na nusu Mama alikuwa amelala. Baba alisimama mlangoni mwa chumba akamtazama, kisha akarudi sebuleni, akafungua vifungo viwili vya juu vya koti ili mtoto apate hewa, akavaa kofia.

"Utakwenda naye?" nikauliza.

"Sasa nimwache wapi? Ninyi nyote mnakohoa, na mama yenu ndiyo kwanza ameanza kulala kama mtu." Akafikiri kidogo. "Chukua kikombe cha maziwa, uje. Funga kitambaa vizuri. Na utembee nyuma yangu, si pembeni."

Tulikaa mwisho kabisa, mbali na watu, kwenye upepo mdogo wa mikaratusi. Mtu hakuona kitu. Walimwona Felisiani amevaa koti kubwa, na baridi ile kila mtu alikuwa amevaa koti.

Mzee Habonimana ndiye aliyezungumza kwanza. Ana mashine ya kusaga pale senta, na si mtu mbaya. Mabati ya darasa la tatu aliyatoa yeye. Alisema senta watu wote wanapita, wa shambani, wa gulioni, wa shuleni, na bomba likiwa pale hakuna atakayekosa maji. Alisema vizuri, na watu wengi wakapiga makofi.

Mwenyekiti akamwita Baba. Baba aliposimama tu, Niyubahwe akaamka. Akalia kile kilio chake chembamba, kama paka aliyefungiwa kabatini. Mkutano mzima ukageuka.

Baba alifungua kifungo cha tatu, akaweka sawa kofia ya mtoto, akampigapiga mgongoni kwa vidole viwili. Kicheko kikaanza upande wa wanaume.

"Felisiani siku hizi ananyonyesha!" mmoja akapaza sauti, na watu wakashikana mabega kwa kucheka.

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alisimama tu, anayumbayumba taratibu kutoka mguu mmoja hadi mwingine, mpaka mtoto akanyamaza.

"Chekeni," alisema. "Nitawasubiri."

Hakuna kinachomaliza kicheko kama kusubiriwa. Walipotulia, Baba akaanza kwa ile sauti yake ya kwaya, bila kuipandisha.

"Huyu ni binti yangu. Ana siku thelathini na nne. Alizaliwa pale zahanati, saa tatu asubuhi, kabla ya wakati. Nesi alikuwepo, kitanda kilikuwepo, dawa zilikuwepo. Maji hayakuwepo. Aline yule pale alishuka bondeni na ndoo mara tano. Safari ya tatu alimkuta nesi amesimama mlangoni, mikono imejaa damu ya mama yake, anasubiri maji anawe ndipo amshike huyu. Dakika zile nilizihesabu mimi, nimekaa nje kwenye jiwe. Sipendi mwenzangu yeyote azihesabu."

Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumsikia akilisema lile.

"Bomba la senta ni zuri," akaendelea. "Tutapata maji ya chai karibu. Lakini anayetaka chai anaweza kutembea hatua mia nne mpaka zahanati. Anayejifungua hawezi kutembea hatua mia nne mpaka senta."

Mzee Habonimana akanyoosha mkono. "Felisiani, hoja ijibiwe kwa hoja, si kwa mtoto."

"Mzee wangu, mtoto hajasema neno," Baba akamjibu. "Nimesema mimi."

Safari hii walicheka wote, na Habonimana mwenyewe akatabasamu pembeni ya mdomo.

Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye nyasi upande wa madarasa, na mikono yao ilipanda kwa pamoja. Mke wa Mzee Habonimana alinyoosha wake juu kabisa, macho yake ameyaelekeza mlimani ili yasikutane na ya mumewe. Zahanati ilipata mia moja arobaini na tatu, senta sitini na moja.

Watu walipokuwa wanatawanyika, Habonimana alitusogelea, akasimama mbali kidogo kama Baba alivyomwomba. Akachungulia ndani ya koti.

"Hapo anapumua kweli?"

"Vizuri kuliko mimi."

Mzee akakuna kidevu. "Mkwe wangu anatarajia mwezi wa nane, na nesi amesema ni mapacha. Hicho kitenge mnakifungaje?"

Baba akamwonyesha palepale, uwanjani, fundo kwa fundo. Habonimana akafunga skafu yake kifuani kwa kujaribu, mara mbili, mpaka akapatia.

Tulirudi nyumbani tukitembea kama washindi. Mama alikuwa ameamka, amesimama barazani, mikono kiunoni.

"Baba Aline, umempeleka mtoto wangu kwenye mkutano, wakati kijiji kizima kina mafua?"

"Tulikaa kwenye upepo, mbali na..."

"Nenda kanawe."

"Mama Aline, tumeshinda."

"Nawa kwanza, halafu unieleze mlivyoshinda."

Baba akaenda kunawa. Mama alimchukua Niyubahwe, akampima joto kwa mgongo wa mkono, akamsikiliza pumzi, akamgeuza huku na huku. Alipoona yu mzima alimweka kifuani mwake, na nikaona mabega yake yakishuka. Kisha akaniita nimsimulie yote tangu mwanzo, hasa pale mke wa Habonimana aliponyoosha mkono. Hapo alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki mbili baadaye tulimpeleka Kasulu kupimwa. Mizani ilisoma kilo mbili na gramu mia tano sitini. Swaumu aliisoma mara mbili kwa sauti, akamwambia Mama kwamba sasa mtoto avae nguo kama watu wengine. Gauni la kwanza alilovalishwa lilikuwa la Butoyi alipokuwa mchanga, na hata hilo lilimfika mpaka chini ya miguu.

Mwezi wa nane mtaro wa bomba ulianza kuchimbwa. Kila kaya ilipimiwa hatua kumi. Kaya nyingine zilikwenda na watu wawili, sisi tulikwenda tisa na majembe, na Bibi akaja na kiti chake kusimamia. Kabla ya saa sita tulikuwa tumemaliza kipande chetu, tukaingia kwenye cha Mzee Habonimana, maana nyumbani kwake mapacha walikuwa na siku nne na mikono yote ilikuwa imeshikwa. Mama alikaa juu ya tuta la udongo, Niyubahwe ananyonya chini ya kitenge.

"Baba Aline!" aliita. "Hapo ulipo hapajafika kina. Rudia!"

Baba akatema mate viganjani, akarudia.