Kidole Gumba cha Habaryar Qali

Mwalimu Mowlid alikuwa na sheria moja tu: mwanafunzi aende mazoezi ya kazi panapolingana na kozi atakayosoma chuoni. Kama havilingani, shule haimwandikii barua ya kuombea ufadhili. Idman alijaza uhandisi wa maji. Alikuwa na miaka tisa injini ya kisima ilipokufa kule Lafey, akamtazama fundi akiifungua hadi ikanguruma tena, ngamia wa babu yake wamelala chini wakingoja. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine.

Lakini wachimba visima hulala porini wiki nzima, na baba yake, mzee Mahat, akakataa.

"Binti yangu hapandi lori ya wanaume sifahamu. Aende kwa habaryar yake."

Habaryar ni mama mdogo, naye ni Qali, mwenye duka la vitambaa pale Iftin. Mwalimu hakubishana na mzee. Kama mahali hapabadiliki, basi kozi ibadilike: akapaka wino mweupe juu ya uhandisi wa maji, akaandika biashara. Vikalingana. Mwalimu akaridhika, na mtu anayeridhika upesi hivyo ni mgumu kumsamehe.

Palibaki mwanya mmoja. Msimamizi wa mazoezi, yaani Qali, akiandika kwamba mwanafunzi hafai, mwanafunzi huyo anaruhusiwa kuchagua upya. Idman akaazimia kutofaa. Alikunja vitambaa ovyo. Qali akavikunja upya, akamletea chai. Alimkatia mteja mmoja, mama Batula, mita mbili za ziada. Batula akazirudisha jioni ile ile, yeye na Qali wakacheka. Kufika wiki ya pili, Idman aliona haya kumharibia kazi mtu asiyemgombeza. Mikono yake ikaanza kufanya vizuri yenyewe, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko lolote.

Siku ya mwisho akaleta fomu ya msimamizi. Qali hakujua kusoma. Alichovya kidole gumba kwenye wino, akakigandamiza mahali pa sahihi, mwishoni mwa karatasi tupu, kabla ya neno hata moja kuandikwa.

"Habaryar," alimwita, maana kwao mama mdogo na mpwa huitana jina hilo hilo. Fomu ilikuwa ya Kiswahili, naye akajikaza kwa Kiswahili chake cha dukani. "Andika hifi. Mtoto huyu iko na mkono ya duka. Asome biashara. Mimi nakuamini."

Akaenda nyuma ya pazia kuswali alasiri.

Idman akabaki na kalamu. Neno moja tu, hafai, na kidole kilikwisha kulikubali. Hakuna ambaye angejua. Alimkasirikia mama mdogo wake mpaka machozi yakamlengalenga. Heri angefungiwa kwa kufuli, kufuli angelivunja. Lakini hii ilikuwa amana. Akaandika alivyoambiwa, sentensi zote mbili.

Qali akatoka akikunja mkeka. "Soma nisikie."

Akasoma.

"Ni file nilisema?"

"Ni vile ulisema, habaryar."

"Mashallah. Ukimaliza chuo, duka hii ni yako." Akamwekea funguo kiganjani, akatangulia nyumbani kupika.

Idman akateremsha mlango wa bati, akafunga, kisha akalivuta kufuli mara mbili, kama alivyofundishwa.