Hodi ya Kwanza Kifuani mwa Siwatu

Usingizi unanichukua mchana kweupe, nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha vioo, sahani ya wali wa hospitali magotini, na kichwa kinaniangukia begani kwa dada yangu Mwanahamisi, na bado namsikia akisema, Kombo, kula basi, wali unapoa. Ndani ya kioo yuko mwanawe Siwatu, mpwa wangu, anachezea kikombe cha plastiki, mtoto ambaye mama yake hambusu shavu, kwa kuwa mafua ya mtu mwingine kwake ni kaburi. Kifuani mwake, nyuma ya mfupa, iko tezi ya thaimasi, na hiyo ndiyo jando la askari wa mwili: huingia wangali watoto, hufunzwa nani ndugu na nani adui, hutoka wakomavu. Wa Siwatu wanaingia na hawatoki. Wamekosa jeni moja. Moja tu, jamani! Na kazi yangu mimi pale maabara ndiyo hiyo hiyo, kuchukua kirusi, kukipokonya ubaya wake wote, kukitwika jeni nzima na kukituma thaimasi, na kila nikikituma kwa mishipa ya damu, panya baada ya panya, kinakwenda kushukia kwenye ini. Ini! Nimelichukia hata sahanini. Mpaka tulipoachana na mishipa, tukachoma kifuani moja kwa moja, ndipo panya wetu wakaanza kupona. Sasa ni zamu ya Siwatu. Leo alasiri dozi ndogo ya kuonja, mkononi, mwili uzoee. Baadaye ile kubwa ya kifuani. Mimi ndiye niliyeshauri tuonje kwanza, na Daktari Zamda kakubali. Kioo kinalainika kama maji ya mtungi, nami napita.

Niko barabarani na barabara ni nyekundu na inatembea yenyewe, inanisukuma, na mwili wangu umekuwa mdogo wa vipande vipande, kama mpira wa miguu ulioshonwa, na mgongoni nina mzigo unaopumua. Naujua mzigo huo. Naenda Thaimasi, nawaambia wapita njia, na wapita njia wanaelea tu, wekundu, bapa, hawana habari na mtu. Mbele unatokea mji wenye kuta za vioo, na langoni pameandikwa Ini. Hapana, nasema, si hapa. Karibu, karibu, wenyeji wananishika mikono, shusha mzigo, kaa, kula. Siendi hapa, naenda Thaimasi! Wanacheka. Wote husema hivyo, ananiambia mama mmoja, na sufuria yake inachemka, na kila ninachoona kwenye kuta ni mimi, mimi nikiwa nimechoka, mimi nikiwa na hasira, mimi na mzigo. Natoka kwa lango la nyuma. Barabara inapinda, inapanda, inashuka, inanifikisha kwenye mji wa vioo, na langoni pameandikwa Ini. Natoka kwa mlango wa ubavuni. Ini. Nageuka nirudi nilikotoka. Ini! Ala, mnanichezea shere, napiga kelele, mtoto wa watu anakufa huko nyinyi mnanipikia! Napiga teke ukuta na mguu unaniuma mimi mwenyewe.

Hapo ananijia mtu wa joho la buluu, uso wake laini kama yai lililomenywa, hana jicho, hana pua, hana mdomo, na bado anasema. Wewe bwana, namwambia, nionyeshe njia ya Thaimasi. Kitendawili, anasema. Sina muda wa vitendawili. Kitendawili, anarudia, kwa upole ule unaokera. Haya, tega! Mgeni wangu hupokewa mara moja tu. Nafikiri, nakuna kichwa, mzigo unanilemea. Maiti kaburini, nasema. Siye. Bibi harusi. Wangapi wameolewa mara ya pili? Basi sijui, nimeshindwa! Nipe mji, anasema, kama wasemavyo watoto kwetu jioni. Nakupa Tanga, nasema bila kufikiri, na papo hapo nasahau njia ya kwenda nyumbani kwetu, imetoka kichwani yote, kona na miti. Nilikwenda Tanga, anasema yule asiye na uso, nikala nikashiba, nikalala, lakini Tanga haitoshi, niongeze mji. Chukua Ini! namwambia. Chukua na kuta zake na masufuria yake, sitaki kuuona tena maishani! Na mji wote unakunjika kama jamvi, anautia kwapani, na nyuma yake pamebaki mlango mfupi, wazi kidogo, na najua pasipo kuambiwa kwamba ndipo.

Dirishani nawaona. Wamekaa mikekani safu kwa safu, watoto wengi, wote wana sura ya Siwatu, na wote hawana masikio. Mwalimu anawafundisha, nao wanamtazama mdomo tu, wanangoja. Mzigo wangu unahangaika mgongoni, umejaa masikio, nayasikia yakisikia. Na mlango u wazi! Hatua moja tu niingie. Lakini mimi nimelelewa, bwana, mama yangu hakuzaa mtoto wa kuingia nyumba ya watu kimya kama paka. Nautua mzigo kando ya njia, nisije nikaonekana nimevamia. Nasimama pembeni ya mlango, nakohoa kidogo. Hodi, nasema. Hodi wenyewe. Hodi, ni mimi Kombo. Walinzi wanatoka, vizee wawili wasio na silaha, wanapapasa uso wangu kwa vidole vyenye udongo mbichi, paji, mashavu, kidevu, kisha wanauangika udongo ule juu ya mlango, na ni uso wangu. Tumekujua, wanasema. Basi nipisheni, mzigo wangu ule pale. Tumekujua, ndiyo maana huingii. Nitarudi basi, nasema, nitarudi na mzigo mkubwa zaidi, kifuani moja kwa moja! Rudi hata na milima, ananijibu mmoja, sura ni hiyo hiyo. Lakini nilikuwa nabisha tu! Nilikuwa na adabu! Na yule wa joho la buluu, mji kwapani, ananitolea jibu lake: mgeni wangu ni wewe, na mara yako moja umeitumia kupiga hodi. Mlango unafungwa. Naupiga ngumi, naupiga kichwa, natukana matusi ambayo sijayatamka tangu shuleni, na ndani watoto hawasikii hata kidogo.

Kombo! Kombo, mdogo wangu, unapiga hodi kwa nani? Ni dada Mwanahamisi, ananitikisa, na wali umemwagika sakafuni. Nasimama kwa kuyumba. Mlango wa chumba cha vioo unafunguka na anatoka mtu wa joho la buluu, kaziba uso wote kwa ngao ya plastiki inayong'aa, ninachoona humo ni sura yangu mimi, na sauti ya Daktari Zamda inasema, Tayari, tumemwonjesha, hata hakulia. Hatujawahi kumpa panya mmoja mara mbili, namwambia. Unasemaje? Hatujawahi, Daktari, hata mmoja! Mwili ukishakijua kirusi kwa hii ya kuonja, ile ya kifuani utaifungia mlango! Anatazamana na dada. Amechoka huyu, anasema dada, hajalala siku nyingi. Natafuta kichwani njia ya kwetu Tanga, ile niliyompa asiye na uso, nikiomba kwa Mungu nisiipate, maana nikiipata nimeamka. Naiona kona ya ghala la katani, nauona msikiti, halafu sioni tena. Nyuma ya kioo Siwatu anaweka kikombe chini, nywele zimemfunika masikio, ananiinulia mkono anionyeshe plasta.