Mama wa Cherehani ya Nyuma

Jumatatu, saa tatu kasorobo asubuhi, Dada Maoni aliwasha kompyuta, akapangusa vumbi la kibodi kwa ncha ya mtandio wake, akakuta ujumbe elfu tisa na mia mbili ukimsubiri. Hakushtuka. Siku za Jumatatu zilikuwa hivyo tangu kituo cha televisheni kianze kurusha "Abiria wa Jana", tamthilia ya chombo kinachosafiri kutoka zama moja hadi nyingine, na watu wazima na akili zao wakaanza kukosa usingizi kwa ajili yake.

Kazi yake ilikuwa kuwasoma watazamaji. Alikaa ghorofa ya tatu, katika chumba kilichokuwa stoo ya kanda, akiutenga ujumbe mafungu matatu: Pongezi, Makosa, na Mengineyo. Kwenye Mengineyo waliingia waliotaka kuposa waigizaji, na bwana mmoja aliyeandika kila wiki kuuliza kama chombo kinaweza kumpitia, maana alikuwa amekwisha kufunga mizigo.

Sehemu ya Jumapili ilihusu wavumbuzi. Katika mwaka ambao bado uko mbali sana, mashine zote zilikuwa zimekufa na hakuna aliyekumbuka zilitengenezwaje, basi abiria wakarudi nyuma kuwachukua waliozibuni. Walimchukua wa taa isiyozimwa na upepo. Walimchukua wa kufuli la namba. Mwisho walimchukua mwenye kiwanda cha mashati aliyebuni mguu wa cherehani unaoshona matundu ya vifungo, mzee ambaye picha yake imo katika vitabu vya shule na ambaye watoto humwita Babu Vifungo.

Watazamaji walikuwa wamechachamaa. "Kioo cha taa ile kilikuwa cha mviringo, nyinyi mmetuwekea bapa. Mnatuonaje?" "Nimelia tangu dakika ya kumi, mume wangu akadhani nimefiwa." "Mlango wa chombo hufunguka kushoto. Tangu lini ukafunguka kulia?" Mmoja alikuwa ametazama mara saba na kuleta kurasa kumi na nne, zikiwa na michoro.

Ujumbe wa mia mbili na kumi na mbili ulikuwa mfupi. "Dakika ya thelathini na moja. Yule mama aliyekaa nyuma ya Babu Vifungo ni nani?"

Dada Maoni alifungua picha. Mwigizaji wa Babu Vifungo, aliyevaa suti ya kijivu, alikuwa ameinua kile kifaa cha matundu kwenye mwanga wa dirisha, akikitazama kama mtu aliyeletewa mwanawe wa kwanza. Nyuma yake, kwenye cherehani ya pili, alikaa mwanamke mwenye ovaroli ya buluu na kilemba kilichofungwa kwa mbele. Alikuwa anashona. Alikuwa shangazi yake Dada Maoni, aliyekufa kwa kifua miaka kumi na moja iliyopita, wiki ambayo shule zilifunguliwa. Alikuwa amenenepa kidogo, jambo ambalo lilimfurahisha Dada Maoni.

Simu ya mapokezi ililia. "Dada, una mgeni huku chini," alisema mlinzi. "Ila kitambulisho chake kimeisha muda."

"Mwandike tu. Ni shangazi yangu."

Shangazi alipanda ngazi taratibu, akipumzika kila ghorofa kama zamani. Walisalimiana. Alivuta kiti, akatoa miwani mfukoni mwa ovaroli.

"Nimekuja kusoma wanasemaje," alisema.

"Shangazi, ulifikaje mle kwenye picha?"

"Nilisikia wanashona vifungo. Nikaja, nikakuta kiti kiko wazi, nikakaa."

Dada Maoni aliijua kazi hiyo. Jumapili moja mchana, akiwa na miaka tisa, yeye ndiye aliyeishikilia meza isicheze wakati shangazi akikata kijiko cha chai kwa msumeno wa chuma. Mpini wa kijiko ulipindwa, ukatobolewa, ukafungiwa springi ya kalamu, na siku hiyo familia ya watu sita ikabaki na vijiko vitano. Wakati huo matundu ya vifungo kiwandani yalishonwa kwa mkono, na wanawake wa mstari wa nne walirudi nyumbani vidole vimefungwa vitambaa. Shangazi alikifunga kile kifaa kwenye cherehani, akapitisha kitambaa kushoto, kulia, akafunga. Tundu likatoka safi kama limechorwa. Akampelekea msimamizi, msimamizi akampelekea mwenye kiwanda, mwenye kiwanda akasema anakiazima mpaka Jumatatu. Baada ya miezi mitatu kikatoka kwa jina la huyo mwenye kiwanda. Shangazi akahamishiwa kwenye pasi, kwenye mvuke, na hakurudi tena kushona.

Sasa alisoma midomo ikichezacheza. Alisoma kuhusu taa, mlango na machozi. Kila alipofika kwenye jina la Babu Vifungo alilipita kwa adabu, kama anavyompita mtu aliyelala njiani.

Kabla ya chakula cha mchana aliingia mhariri wa picha, ambaye jengo zima lilimwita Mkasi. Alimtazama mgeni, akakuna kidevu.

"Ndiye huyu wa dakika ya thelathini na moja? Shikamoo mama. Umetupa kazi kweli."

"Marahaba, baba. Poleni."

"Siku ya kurekodi kiti kile kilikuwa kitupu, nimezipitia kanda zote," Mkasi alimwambia Dada Maoni. "Nimemfuta mara nne tangu asubuhi. Nikigeuza kichwa, amerudi. Na kila akirudi anakuwa amemaliza shati jingine." Alisema hivyo kama fundi bomba anayeeleza habari za koki inayovuja, kisha akaenda kula.

Kufikia jioni yule mama alikuwa amewapiku wavumbuzi wote. Watazamaji walimpa jina la Kosa la Msimu. Wengine walicheka, wengine walidai waombwe radhi, maana picha iliharibika palepale ilipoanza kunoga. Kundi moja liliisimamisha picha hatua kwa hatua, likagundua kwamba mama hashoni ovyo: anapitisha kushoto, kulia, anafunga, halafu anainua kitambaa kuelekea kamera na kusubiri, kama mwalimu. Waliandika kwamba huo ni uzembe wa kumwacha mwigizaji wa pembeni ajitie kimbelembele.

Mtu mmoja tu aliandika vingine. Alikuwa fundi wa nguo aliyestaafu. "Babu Vifungo amekishika kifaa kichwa chini," aliandika. "Anayeijua kazi pale ni yule mama peke yake. Muulizeni yeye."

Shangazi aliusoma ujumbe huo mara tatu. Kisha alivua miwani, akaifuta, akairudisha usoni.

Dada Maoni aliuchapisha ujumbe kwenye karatasi, akapanda nao ghorofa ya tano kwa mtayarishaji. Njiani aliyapanga maneno yake vizuri, na alipofika yalitoka yote: kijiko, springi, mstari wa nne, pasi. Mtayarishaji alisikiliza bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya.

"Nakuamini," alisema. "Marehemu babu yangu naye huja kila Alhamisi, ana malalamiko yake ya shamba. Lakini kiwanda kile ndicho kinachotudhamini mpaka msimu wa tatu. Mjukuu wa Babu Vifungo amenipigia mara mbili leo."

"Amesema nini?"

"Hakuuliza yule mama ni nani. Amesema tu aondolewe."

Wote wawili waliyasikia maneno hayo vizuri, na wote wawili walitazama dirishani.

"Andika radhi," mtayarishaji aliendelea. "Mistari mitatu inatosha. Sema ni kosa la kiufundi."

"Kwa nini mimi?"

"Una lugha nzuri, dada. Na mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi huu, sitaki mtu wa juu aanze kuuliza maswali."

Alishuka. Shangazi alikuwa hajabanduka kitini. Dada Maoni aliketi, akaandika, akafuta, akaandika tena. "Watazamaji wetu wapendwa. Katika sehemu ya Jumapili alionekana mtu asiyehusika na hadithi. Hilo lilikuwa kosa la kiufundi na tunaomba radhi."

"Weka koma baada ya kiufundi," alisema shangazi. "Watu wapumue."

Aliweka koma. "Shangazi, nisamehe. Nilikuwa mtoto, sikujua pa kusemea."

"Ulikuwa na miaka tisa. Nani atakulaumu?" Shangazi aliweka miwani yake sawa. "Ila mswada wa sehemu hii uliletwa mezani kwako uusahihishe wiki tatu zilizopita. Hukuwa na miaka tisa."

Ilikuwa kweli. Aliusoma siku hiyo hiyo, akaliona jina, akaisahihisha tahajia ya neno "mvumbuzi" lililokuwa limeandikwa vibaya, akaupeleka mbele.

"Tuma, mwanangu," alisema shangazi bila kisirani. "Wasije wakakuandama bure."

Akatuma.

Ilimchukua Mkasi siku mbili kupata dawa. Aliacha kufuta, akachukua picha ya kiti kitupu na kuibandika juu ya mama, tabaka juu ya tabaka, mara kumi na saba, mpaka hakuonekana tena. Cherehani aliiacha, kwa sababu ilikataa kusimama. Ilibaki pale nyuma ya suti ya kijivu ikishona yenyewe, kitambaa kikienda kushoto, kikienda kulia, kikifungwa.

Marudio yalirushwa Jumamosi alasiri. Maoni yalifika elfu kumi na moja, na karibu yote yalikuwa ya furaha. Walisema hiyo cherehani inayojiendesha ndiyo picha bora kuliko zote za msimu. Darasa zima la shule ya msingi liliandika kwa pamoja, kila mtoto na mwandiko wake, kwamba sasa wameelewa: Babu Vifungo alikuwa na akili nyingi kiasi kwamba mashine zake hazikuhitaji mtu. Yule fundi aliyestaafu aliandika pia. Aliomba asamehewe kwa kuwasumbua, macho yake siku hizi si ya kuaminika.

Dada Maoni alimsomea shangazi yote, hata hayo ya mwisho, kwa sababu shangazi alisema asiruke lolote. Shangazi hakulia. Alisogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta, akaitazama cherehani kwa muda mrefu, jicho moja limefumbwa, kama alivyokuwa akikagua kazi za wenzake wa mstari wa nne.

"Uzi wameukaza mno," alisema. "Utakatika kabla ya dakika ya thelathini na mbili."

Wakasubiri wote wawili. Uzi haukukatika. Kifaa kilikuwa kimetengenezwa vizuri.