Kamba Mpya, Mita Sitini

Jumanne ya pili ya Januari, saa tatu na nusu asubuhi, Wiebke Tammen alikuwa kwenye chumba cha kahawa cha taasisi ya bahari na ncha za dunia, akihesabu sahihi. Kila anayeacha kazi pale hupewa karatasi ya kuaga yenye mistari kumi na minne, akazunguka nayo mlango kwa mlango: maktaba, funguo, kompyuta, maabara, stoo ya vifaa. Mpaka mistari yote ijae, mtu hajaondoka, hata kama alishasahaulika. Wiebke alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, baada ya miaka thelathini na moja ya kutunza stoo na ghala la barafu, na alikuwa amepata sahihi tisa. Maktaba walimkwamisha kwa kitabu cha mwani alichoazima enzi za mkurugenzi wa kwanza. Alikuwa amechoka, uchovu ule usioisha kwa kulala.

Mlango ukafunguka, akaingia Onno Harms, fundi wa kuchimba barafu, aliyetumbukia kwenye ufa wa barafu huko Antaktika miaka ishirini na miwili iliyopita. Alivaa suti yake nyekundu ya safari na alikuwa anachuruzika maji. Umri wake ulikuwa uleule, thelathini na minne.

“Moin,” alisema, kwa salamu ya pwani ile.

“Moin. Simama kwenye zulia la mpira, sakafu imepigwa deki sasa hivi.”

“Umezeeka, Wiebke.”

“Na wewe umechelewa. Kahawa iko kwenye chupa. Maziwa yamekwisha, kama kawaida.”

Onno akajimiminia. Alieleza kwamba barafu ile hutembea, polepole mno, na mwaka jana ilimfikisha baharini, ikakatika, ikaelea, ikayeyuka. Njia iliyobaki alikuja mwenyewe. Wanabiolojia wawili wa meza ya pili walimuuliza ilitembea mita ngapi kwa mwaka, wakaandika jibu lake, wakaendelea na keki yao.

Shida yake ilikuwa moja. Kila akifika langoni ili aende zake, miguu iligeuka yenyewe ikamrudisha ndani. Asubuhi ileile, kabla hajaja kwa Wiebke, Bi Kuhlmann wa utumishi alipekua faili akaona sababu: Onno hakuwahi kuaga. Akampa karatasi. Mistari yote ilikuwa imejaa isipokuwa wa stoo ya vifaa, uliohitaji sahihi ya Wiebke na yake mwenyewe, nao uliandikwa: Amerudisha kamba moja mpya, mita sitini.

Onno akatoa kamba mfukoni akaiweka mezani. Kilikuwa kipande cha mita mbili, kimefubaa, nyuzi zimefumuka pale kilipokatikia. Wiebke alikitambua kabla ya kukigusa.

“Hii si mpya,” Onno alisema.

“Najua.”

“Basi kata hilo neno, utie sahihi, niende kwa mama.”

Kosa lenyewe lilifanyika Alhamisi moja, miaka ile ishirini na miwili iliyopita. Kontena la safari lilikuwa linafungwa saa sita mchana, na kontena halifungwi mpaka orodha ya vifaa ijae. Kamba mpya zilikuwa bado njiani. Daktari Reinders, kiongozi wa safari, alimwambia Wiebke aandike mpya na apakie za zamani zishike nafasi. Mpya zingefika kabla meli haijang’oa nanga, wangezibadilisha. Pale taasisini kila mtu alijaza orodha namna hiyo, vitu vikiwa bado havijaonekana. Wiebke akaandika. Meli iliondoka Jumamosi, kamba zikafika Jumatatu. Baadaye ripoti ikasema kamba ilikuwa mpya kwa mujibu wa orodha, kwa hiyo kilichofunguka ni fundo, na fundo alilifunga marehemu kwa mikono yake.

Barua yenye maneno hayo ilikwenda kijijini kwa mama yake Onno, Bi Gesine, mjane wa nahodha, aliyemfundisha mafundo kabla hajajua kusoma. Sasa alikuwa na miaka themanini na minane, na tangu barua ile hajamtaja mwanawe mbele ya majirani. Wiebke aliyajua hayo. Yalimkaa rohoni miaka yote, akanyamaza, na alijichukia kwa kunyamaza kwake.

Wiebke na Onno wakapanda ghorofa ya tatu kwa Reinders, ambaye sasa alikuwa naibu mkurugenzi.

“Onno! Hujabadilika hata kidogo,” alisema, akampa mkono, kisha akaufuta kwa leso.

“Kamba ilikuwa kuukuu,” Wiebke alisema. “Niliandika mpya kwa sababu wewe ulinituma. Ripoti irekebishwe.”

Reinders alisikiliza vizuri. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha. Alisema anakumbuka, wala habishi. Lakini ripoti ilishafungwa, na inaweza kufunguliwa tu na kamati iliyoiandika.

“Waite basi.”

“Wawili wamefariki, Bi Tammen.”

“Na huyu je?”

Reinders akamtazama Onno, akakiri kwamba hoja ina uzito, akaiandika kwenye kijitabu chake. Halafu akashauri kwa upole kwamba neno lile liachwe kama lilivyo. Onno akisaini, jioni hii yuko kwa mama yake.

“Nikisaini hapo nimekubali kwamba ni fundo,” Onno alisema. “Nitamtazama vipi? Yule mama alikuwa ananizaba kofi nikikosea fundo la kufungia mbuzi.”

Wiebke akachukua kalamu palepale, akalikata neno, akaandika kuukuu, akatia sahihi. Bi Kuhlmann aliirudisha karatasi kabla ya chakula cha mchana. Haikulingana na orodha.

Kwa kuwa Wiebke alikuwa anaondoka na nafasi yake haikuwa imejazwa, Onno aliwekwa ghala la barafu kwa muda. Mle ni nyuzi thelathini chini ya sifuri, na yeye baridi haikumsumbua, hata makoti ya ghala hakuyahitaji. Akapewa beji ya mgeni. Wiebke alimwonyesha rafu, vipande virefu vya barafu kwenye mifuko, na mlango unaogoma. Walifanya kazi bila maneno mengi. Onno alikuwa hodari bado.

Ijumaa ya mwisho ilikuwa ya mafunzo ya usalama. Ni ya lazima kwa wote, hata anayestaafu siku hiyohiyo, na sahihi ya kumi na nne hutoka humo. Wiebke na Onno walikaa mstari wa nyuma. Reinders akaonyesha picha ileile ya kila Januari: ufa, mtu asiye na jina, na maneno makubwa, FUNDO LILILOFUNGWA OVYO. Chini ya meza Onno alikuwa na kile kipande cha kamba, akifunga fundo, akilifungua, akilifunga tena. Kila mara lilikuwa sawasawa.

Wiebke akasimama.

“Si fundo,” alisema. “Ni kamba. Orodha niliijaza mimi, naye Daktari Reinders ndiye aliyeniambia.”

Watu waligeuka, wengi wakatikisa kichwa kukubali. Nusu yao walikuwa wamejaza hivyohivyo orodha za meli ya Machi wiki hiyohiyo.

“Asante sana, Bi Tammen,” Reinders alisema. “Maswali tutayachukua mwishoni.”

Mwishoni hapakuwa na nafasi, kwa sababu keki ya kumuaga Wiebke ilikuwa inasubiri. Ilikuwa keki ya tufaha, ameioka mwenyewe, maana anayeondoka ndiye anayeleta. Karatasi ya mahudhurio ikapitishwa. Juu yake iliandikwa: Nimesikia na nimeelewa. Onno alisaini kwanza, akaacha alama ya maji.

“Mimi siisaini hii,” Wiebke alisema.

“Saini tu,” Onno alisema. “Mmoja wetu na aende.”

Akasaini. Alikuwa na haya, na alikuwa amechoka, na hakujua kipi kilimshinda.

“Mama yako nimwambie nini?”

Onno alifikiri huku akila keki.

“Mwambie niko kazini.”

Saa tisa alasiri Wiebke alimkabidhi Bi Kuhlmann karatasi yenye sahihi kumi na nne, akapigiwa muhuri, akashuka na mfuko wake mpaka langoni. Hapo alisimama akangoja kidogo, akiiangalia miguu yake, akitamani ikatae. Haikukataa. Ilipita kirahisi tu, mmoja baada ya mwingine, mpaka kituo cha basi.