Aya za Mwisho za Marko

Mama yake Celina alizoea kusema kwamba binti huyu akikaa kwenye kigoda, kinachochoka ni kigoda. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni Machame, na ndivyo alivyofika Dar es Salaam mwaka wa themanini na tatu, akapewa kitanda katika chumba cha nyuma nyumbani kwa baba yake mdogo Elisaria, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Usiku aligeuka hata shuka likamzonga miguuni. Asubuhi alikunywa chai akiwa wima.

Alikuja kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa la ukoo: mama mdogo Angelina, mke wa Elisaria, alikuwa amelazwa hospitali kule Upanga na uvimbe tumboni, na alihitajika mtu wa kumpelekea uji na kumfulia. La pili lilikuwa lake mwenyewe. Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha theolojia huko kaskazini, mwanamke pekee katika darasa lake, na alikuwa hajamaliza tasnifu yake. Alikuwa akiandika juu ya mwisho wa Injili ya Marko.

Jambo lenyewe halikuwa gumu kulieleza. Katika Biblia iliyozoeleka, Marko anamaliza kwa Yesu aliyefufuka kuwatokea wanafunzi wake, kuwatuma duniani kote na kuwaahidi kwamba waaminio watawawekea wagonjwa mikono na wagonjwa watapona. Lakini katika nakala mbili kongwe za Kigiriki, zilizoandikwa kwa mkono zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita, habari hizo hazimo. Humo kitabu kinakatika kaburini. Wanawake wamelikuta kaburi tupu, wamepewa ujumbe wa kupeleka, wametoka mbio wakitetemeka, na kwa hofu waliyokuwa nayo hawakumwambia mtu. Basi. Wasomi wengi wanaamini kwamba aya zinazofuata ziliongezwa baadaye na mkono mwingine. Lakini je, Marko alikusudia kuishia pale, au ukurasa wake wa mwisho ulipotea? Swali hilo lilikuwa kwa Celina kama jino linalouma, ambalo ulimi haukomi kuligusa.

Mtaani nako hakukuwa na utulivu. Ulikuwa mwaka wa msako wa walanguzi, na Kariakoo nzima ilikuwa ikiishi roho mkononi. Watu walificha sabuni kama wanavyoficha bangi. Elisaria, muuza sufuria na karai, hakuwa na cha kuficha, ila hata asiye na kitu aliogopa. Alifungua mlango mmoja wa duka na kuacha mwingine umefungwa, akakaa katikati, nusu ndani nusu nje, akimtazama kila aliyepita amevaa suruali iliyopigwa pasi, asije akawa mkaguzi wa msako.

Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyatoa kwa watu wawili tu. Mmoja alikuwa Angelina. Mwingine alikuwa Bwana Hamud, mwenye duka la vitambaa la jirani, Mwarabu aliyezaliwa mtaa huohuo, ambaye alikunywa naye kahawa kila jioni.

Alhamisi moja ushirika wa nyumba kwa nyumba ulikutana sebuleni kwa Elisaria ili kumwombea Angelina, kwa kuwa madaktari walikuwa wamesema watampasua baada ya wiki mbili. Mzee wa kanisa, Mzee Anaeli, alisoma aya zile za mwisho za Marko. Alipofika kwenye kuwawekea wagonjwa mikono alisoma polepole, akarudia. Celina akamwona baba yake mdogo amefumba macho, midomo inamfuata msomaji neno kwa neno. Ilionekana ameyasoma maneno hayo mara nyingi akiwa peke yake. Kisha Mzee Anaeli akasema kwamba leo wamebahatika kuwa na msomi nyumbani. Dada Celina awaongezee neno.

Angeweza kusema amina akakaa. Baadaye alijiuliza sana kwa nini hakufanya hivyo. Labda ni miaka minne ya Kigiriki iliyokuwa ikitafuta pa kutokea, labda ni kule kuitwa msomi mbele ya watu. Alisimama, akawaeleza kuhusu nakala zile mbili kongwe. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, na alipokuwa akieleza alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu afike mjini. Akamaliza. Akakaa.

Elisaria alifumbua macho. "Aya ipi hasa ndiyo haimo?"

"Zote, baba mdogo. Kuanzia ya tisa mpaka mwisho."

"Na ile ya mikono?"

"Na hiyo."

Elisaria alifunga Biblia yake, akasema anakwenda kuangalia kufuli la duka. Hakurudi mpaka wageni wote walipoondoka. Mzee Anaeli alifunga kwa sala fupi, na akina mama walipokuwa wakivaa viatu mlangoni hawakumtazama Celina usoni.

Kuanzia siku ile Elisaria aliacha kuomba. Hakutangaza; chakula kilipoletwa alinawa mikono akaanza kula tu, na kule hospitali, ambako zamani alikuwa akisimama kitandani kwa Angelina ameinamisha kichwa, sasa alikaa kwenye benchi la nje akihesabu magari. Celina aliongea naye habari za uji, za mashuka, za bei ya mkaa. Alijibiwa kila mara, kwa upole, na upole huo ulimkata maini kuliko matusi. Kazi nayo ikamshinda. Alienda maktaba, akafungua vitabu, akasoma mstari mmoja mara nne, akafunga akatoka.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Bwana Hamud alimwita dukani kwake. Celina alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba na kumsogezea kiti, lakini Celina hakukaa. Hamud akasema hapendi kuingilia ya nyumba ya watu; ila Elisaria amemwomba amwazime pikapu yake siku ya Jumatatu. Anataka kumtoa mkewe hospitali na kumsafirisha kwao Machame. Amemwambia daktari hataweka sahihi ya kupasuliwa.

"Kwa nini?" Celina aliuliza, ingawa alijua.

"Hakusema. Mke wangu Badriya alipasuliwa palepale, na leo ananigombeza mchana kutwa. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, wewe ulikuwa na kitu cha kushika, mimi sina." Hamud alikunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. "Sijui mmezungumza nini humo ndani. Lakini ameingiwa na hofu. Mimi gari nitamnyima, nitasema halina petroli, na hilo karibu ni kweli. Yaliyobaki ni yako."

Celina alitoka pale akatembea bila kujua anakwenda wapi. Alishuka mpaka mtaa wa Gerezani, akapita karakana za reli, mafundi wakigonga vyuma juani, vipuri vya zamani vimetandazwa chini kwenye magunia. Akakata kurudi, akapita Mchafukoge, akarudi tena Gerezani. Njiani alijaribu maneno. Angeweza kumwambia Elisaria kwamba alikosea. Wala usingekuwa uongo mtupu: wapo wasomi wachache wanaozitetea aya zile, tena watu wenye majina makubwa, na angeweza kujificha nyuma yao. Alilipanga jambo hilo likakaa sawa kabisa. Aliposimama kwenye reli kusubiri behewa lipite alijisikia akilisema kwa sauti, na sauti ile ilikuwa ya mtu mwingine. Yeye hakuwaamini wale wachache. Baba yake mdogo angelijua hilo kabla hajamaliza sentensi. Alikuwa mtu wa kununua na kuuza, na alijua uso wa anayekusifia sufuria iliyotoboka.

Jumapili magari ya watu binafsi yalikuwa yakikatazwa barabarani kuanzia saa nane mchana, kwa sababu ya petroli. Wakaenda hospitali kwa miguu, wawili, Elisaria mbele na chupa ya chai, Celina nyuma na kapu. Barabara ilikuwa tupu, watoto wakipiga mpira katikati ya lami. Walipokaribia Upanga, Celina alikaza mwendo akamfikia.

"Baba mdogo, Bwana Hamud ameniambia."

"Najua. Na mimi ameniambia uongo kuhusu petroli."

"Usimtoe hospitali kwa ajili ya maneno yangu."

Elisaria alihamishia chupa ya chai mkono wa pili. Kisha akasema, akitazama mbele, kwamba yeye hakusoma, alikimbia shule akaja kuuza nyanya Kariakoo. Kwamba daktari alipomwambia habari za kisu hakulala wiki nzima, mpaka alipoikuta aya ile, na akaishika kama mtu anavyoshika ukuta gizani. "Sasa wewe umeniambia si ukuta. Sikatai. Unajua kuliko mimi. Lakini niambie, kama kitabu kinaishia pale, na wale wanawake walinyamaza, sisi habari tulizipata wapi?"

Swali hilo Celina alikuwa ameliandikia kurasa ishirini. Alimjibu kama alivyoandika: kwamba hawakunyamaza milele, la sivyo Marko mwenyewe asingejua; kwamba kanisa lilikuwa likiishi na habari hiyo kabla Marko hajashika kalamu; kwamba kuwawekea wagonjwa mikono kumo katika maandiko mengine ambayo hakuna anayeyatilia shaka. Alijisikia akieleza vizuri tena, akajichukia kidogo.

"Hayo ni majibu," Elisaria alisema.

"Ndiyo."

"Mazuri. Lakini bado naogopa."

Wakavuka barabara.

Angelina walimkuta ameketi, mito miwili mgongoni, mashavu yamemwishia lakini amechana nywele. Alipokea chai, akanywa, akawatazama kwa zamu. Akasema daktari amepita asubuhi, na amemuuliza kama ni kweli anaondoka kesho, maana mumewe amesema hivyo. Yeye alikuwa hajui habari hiyo. Alilisema bila kupandisha sauti. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuzia nyuso zao ukutani, kama wanavyofanya watu wenye adabu.

Elisaria akaanza kueleza, akachanganya, akataja hali ya hewa ya Machame, maziwa, ndugu. Celina akaona ni zamu yake. Akaeleza yote: Alhamisi ile ya ushirika, nakala kongwe, aya ya mikono. Hakujitetea.

Angelina alisikiliza mpaka mwisho. "Elisaria," alisema, "mimi ndiye ninayelala na uvimbe huu. Nikienda Machame nitakwenda nao. Niitieni nesi alete hiyo karatasi, nitaweka sahihi mwenyewe."

"Angelina."

"Wewe weka pembeni yangu kama unataka. Kama hutaki, kaa nami tu."

Nesi aliitwa. Angelina aliandika jina lake polepole, herufi kubwa, kama alivyofundishwa shule ya misheni. Elisaria alishika kalamu muda mrefu, kisha akaandika lake chini ya la mkewe.

Muda wa kutazama wagonjwa ulipokaribia kwisha, Angelina alimwambia Celina amwekee mikono. Celina akasema hana aya ya kusoma. Akajibiwa kwamba hakuombwa kusoma. Basi akaweka viganja juu ya tumbo lile, juu ya shuka, akausikia uvimbe chini yake, mgumu, wa moto, na kila alilolijua kwa Kigiriki na Kiswahili likamtoka kichwani. Alisimama hivyo. Baada ya kitambo mikono mingine ikaja juu ya yake, mizito, yenye makovu ya bati.

Alipasuliwa Jumatano. Celina alizunguka uwanja wa hospitali tangu asubuhi mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu. Elisaria alikaa kwenye benchi, hakuhesabu magari. Mchana daktari alitoka akasema uvimbe umetoka wote na mgonjwa amezinduka, ila damu imepotea nyingi na wasubiri. Wakasubiri. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, ya pili nafuu, na mwezi wa sita ulipoisha Angelina alikuwa amekaa mlangoni pa duka, amejifunika khanga, akiwapangia wateja bei ambazo Elisaria hakuziafiki.

Mzee Anaeli aliutangazia ushirika kwamba neno limetimia, mikono imewekwa na mgonjwa amepona. Watu wakapiga makofi. Celina alikuwepo na hakusahihisha. Elisaria alimtazama mara moja, kisha akatazama pembeni. Alikuwa ameanza kuomba tena mezani, kwa ufupi kuliko zamani, lakini Marko hakumfungua.

Siku ya Celina kurudi kaskazini, Elisaria alimbebea sanduku mpaka kituo cha mabasi. Walisimama kwenye moshi wa injini, wakiwa hawajui waagane vipi.

"Moyo wangu bado haujawa safi kwako," Elisaria alisema. "Nakwambia ili ujue."

"Najua, baba mdogo."

"Ukimaliza kuandika, niletee nisome mwenyewe. Sitaki kusimuliwa."

"Imeandikwa Kiingereza."

"Basi andika na ya Kiswahili. Au hiyo habari haituhusu sisi?"

Dereva akapiga honi. Celina akapanda, akapata kiti cha dirishani, na basi lilipopita Ubungo alikuwa tayari akitafuta sentensi ya kwanza ya Kiswahili. Ya Kiingereza ilikuwa na maneno ambayo Elisaria angeyasukuma pembeni kama mchele wenye mawe. Akajaribu nyingine, akaifuta kichwani. Akajaribu ya tatu. Jirani yake, mama mwenye kuku kwenye kikapu, alimuuliza kama anaumwa, maana alikuwa hakai sawa. Celina akasema hapana, haumwi. Walipofika Chalinze, abiria wakishuka kununua machungwa, sentensi ilikuwa bado haijapatikana, naye akashuka kutembeatembea kando ya basi mpaka walipomwita.