Sahani Mia Nne za Kasmir

Saa moja kasorobo asubuhi Josepha alimimina chai kwenye kikombe cha plastiki cha kutumia mara moja, akamwekea mumewe mezani. Kikombe kilikuwa chembamba, na chai ya moto ilikilegeza ubavuni. Kasmir alikishika kwa vidole viwili, akakitazama.

"Mama Nice, nimechoka kunywa chai kama mtu anayesubiri basi," alisema. "Hata nyumbani kwangu?"

"Basi usinywe," alisema Josepha.

Kasmir akaweka kikombe chini, akavaa kofia yake, akatoka. Saa nne na nusu alianguka dukani kwao Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, juu ya maboksi ya vijiko, moyo wake ukasimama.

Duka lao liliuza vitu vya kutupa: sahani, vikombe, vijiko, vyombo vya kufungia chakula, mirija, vitambaa vya meza vya plastiki. Kwa miaka sita nyumba yao pia ilikuwa ikiendeshwa kwa vitu hivyo. Josepha alikuwa mzaliwa wa kwanza katika familia ya watu kumi na mmoja kule Kibosho, na utotoni aliosha vyombo vya wote, kwa maji ya baridi ya mfereji, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Alipopata duka lenye sahani zisizooshwa, aliona Mungu amemkumbuka. Kasmir alizivumilia sahani. Vikombe ndivyo vilivyomshinda.

Zamani jumuiya yao ya kanisani ilikuwa na sanduku lenye sahani za bati mia mbili, kila moja imewekewa chini alama ya rangi nyekundu ya kucha ili isipotelee misibani. Watu wakishakula, wanawake walikaa uani kuzunguka makarai, wakaosha. Mbele, chini ya turubai, kamati ilisoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, alisoma, alioa. Nyuma kwenye makarai ndiko marehemu alikosimuliwa alivyokuwa. Mjane aliwekewa kigoda katikati ya waoshaji. Hakuosha, alisikiliza tu. Hakuna aliyeyaita hayo mila. Yaliitwa kuosha vyombo.

Miaka minne nyuma Josepha aliipa jumuiya maboksi ya sahani za kutupa, na sanduku likapelekwa stoo ya kanisa. Jovitha, mwenyekiti wa akina mama, alimshukuru mbele ya watu. "Mama Nice umetuokoa migongo," alisema, na wote wakapiga makofi.

Kwa hiyo kwenye msiba wa Kasmir watu mia nne walikula pilau kwenye sahani za kutupa, kutoka duka la marehemu mwenyewe. Walipomaliza, sahani zilitiwa kwenye mifuko mikubwa myeusi. Wanawake walimshika Josepha mkono, wakasema pole, wakavaa viatu, wakaondoka. Mpaka saa tisa alasiri ua ulikuwa mkavu na mweupe. Kigoda kilikuwepo. Josepha akakikalia peke yake. Kesho yake wakasafirisha mwili kwenda Kibosho, wakamzika Kasmir kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo.

Aliporudi Dar es Salaam, Josepha hakulala vizuri. Kulikuwa na jambo moja alilotaka kulijua. Kati ya saa moja asubuhi na saa nne na nusu, Kasmir alikula chochote? Au maneno "basi usinywe" ndiyo yaliyokuwa kifungua kinywa chake? Hakumwuliza mtu. Si swali la kumsimamisha mtu barabarani: samahani, mume wangu alikufa na njaa?

Siku ya kumi na tisa baada ya mazishi, sahani zilirudi.

Zilikuja asubuhi kutoka upande wa Msimbazi, zikibingirika kwa ukingo, moja nyuma ya nyingine, bila haraka. Nyingi zilikuwa na vumbi jekundu la jalalani Pugu. Nyingine zilitokea Jangwani na zilikuwa na tope la mtaro. Wamachinga walisogeza turubai zao zipite. Mpagazi mmoja alisimamisha mkokoteni.

"Oya, pisheni vyombo vya watu!" alipiga kelele.

Zilipofika mlangoni kwa Josepha zilijilaza, zikajipanga kwa mafungu uani. Nice, binti yake, anayekaa Upanga na aliyekuja kumtazama mama, aliinua moja. Lilikuwamo pilau lililokauka, na mfupa.

"Mama, hizi si za msiba?"

"Ni za kwetu. Ona ua la kijani ukingoni. Boksi zote zilikuwa na hilo ua."

"Nizitupe?"

"Jaribu."

Nice alijaza mifuko mitatu, akaipeleka kwenye gari la taka lililokuwa kona ya pili. Aliporudi alizikuta sahani zimeshafika, naye alikuwa ametembea haraka. Mjumbe wa mtaa alipita, akazitazama kutoka mlangoni, akauliza kama zina mpango wa kukaa sana. Josepha akamwambia hajui. Mjumbe akasema basi zisizibe njia.

Josepha alichota maji kwenye karai, akavuta kigoda, akaanza kuosha. Hakuwa ameosha chombo kwa miaka sita, lakini mikono haisahau.

Sahani ya kwanza ilipoingia kwenye maji ya kusuuzia, ilisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyeinama na mikono yake imo majini. "Alinifunga tai siku ya harusi yangu," ilisema. "Mpaka leo sijaifungua. Naivalia kichwani tu." Ilikuwa sauti ya fundi saa wa jirani.

"Kumbe ndiyo maana fundo la tai yake limekaa vile," alisema Nice, akavuta kigoda kingine.

Sahani ya pili ilisema kwamba sauti ya marehemu kwenye kwaya ilikuwa mbaya, Mungu amrehemu, lakini hakukosa Jumapili hata moja. Ya tatu ilikuwa ya dereva wa bajaji. "Nikimbeba Baba Nice, ananielekeza njia mpaka tunafika. Njia yenyewe ni moja, imenyooka." Nyingine ilisema kwamba aliiba karata kwenye mchezo wa mwisho wa Pasaka na kila mtu aliona, ila hakuna aliyetaka kumharibia furaha. Nyingine ilisema tu kwamba pilau lilipungua chumvi. Josepha alicheka hapo, mara ya kwanza tangu msiba, kwa sababu ilikuwa sauti ya Jovitha, na lilikuwa kweli limepungua.

Waliosha siku nne, kuanzia asubuhi mpaka jua la alasiri lilipotoka uani. Sahani thelathini na moja hazikusema chochote. Hizo zilikuwa za watu waliokuja kula tu. Hakuna iliyosema lolote kuhusu asubuhi ile. Walipopanga zote ukutani zikauke, Nice akazihesabu mara mbili. Zilikuwa mia tatu tisini na tisa.

"Mia nne tulifungua," alisema Josepha. "Nilizifungua mwenyewe."

"Mama, moja tu hiyo. Iache."

Josepha aliliacha karai uani likiwa na maji.

Ya mwisho ilifika Jumamosi, ikitokea upande wa Feri. Ilikuwa imekaa baharini. Ilinuka magamba ya samaki, konokono wawili wadogo walikuwa wamejishikiza mgongoni, na samaki walikuwa wameitafuna mpaka ikawa na tundu katikati, la kupita kidole. Josepha aliwabandua konokono, akawaweka kando kwenye maji ya chumvi. Akaosha. Akasuuza.

"Asubuhi ile alipita kwangu, mwenzangu," ilisema sahani. "Alivua kofia, mwenzangu, akakaa, aka..."

Ikanyamaza. Josepha aliichovya tena. Ikarudia maneno yale yale, ikakomea pale pale kwenye tundu.

Nice alimtazama mama yake. "Nani huyo?"

"Kariakoo nzima ni mtu mmoja tu anayesema 'mwenzangu' kila akimeza mate," alisema Josepha. Akajifuta mikono, akafunga kitenge.

Kuruthumu, mama wa Kilindi aliyeuza chai, supu na chapati kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya mabomba, alikuwa akichochea moto kwenye jiko aliposimamiwa na kivuli.

"Mama Nice! Karibu, mwenzangu. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Ulikuja msibani, dada Kuruthumu?"

"Nilikuja. Nilikaa nyuma kule kwenye matofali. Nilitaka kuongea na wewe. Nikala, nikasema nitakuona tukiosha vyombo. Mara naona sahani zinatiwa mifukoni. Hakuna karai, hakuna nini. Sasa mwenzangu, nikusogelee vipi pale mbele na wazee wa kamati wamekaa na tai? Nikaondoka zangu."

"Asubuhi ile alipita kwako."

"Alipita, ndiyo."

"Alifanya nini?"

Kuruthumu aliacha jiko. Aliona kwamba mwenzake amesimama kwa vidole vya miguu.

"Alikula," alisema. "Alikula chapati mbili na supu ya utumbo, akaomba chai, akaomba nyingine. Nikamwambia, Baba Nice, leo umekuja na tumbo la kuazima? Akasema, mke wangu kanifukuza kwa kikombe cha plastiki. Anacheka, mwenzangu, mpaka chai inamwagikia shati. Akageuza kikombe changu hiki cha bati, akaniuliza nimekinunua wapi. Nikamwelekeza kwa yule mzee wa Mtaa wa Mahiwa. Akasema, basi jioni nitachukua viwili, changu na chake, tuone kama atanifukuza tena."

Josepha alikaa kwenye benchi la wateja. Alikaa kama mtu aliyetua ndoo. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta nyingine, na zote zilifika chini.

"Alishiba?" aliuliza.

"Alishiba mpaka akalegeza mkanda. Niliona kwa macho yangu haya."

"Alikunywa kwenye kikombe kipi?"

"Mwenzangu, nina vikombe kumi na vinne. Ni kimoja kati ya hivyo."

Karai la Kuruthumu lilikuwa pembeni limejaa vyombo vya asubuhi. Josepha alikunja mikono ya gauni, akachuchumaa, akaviosha vikombe vyote kumi na vinne, kimoja kimoja, ndani na nje. Havikusema kitu. Kuruthumu aliendelea kusema yeye mwenyewe, na wateja wawili wakaongezea ya kwao. Siku hiyo Josepha alipitia Mtaa wa Mahiwa, na usiku akalala mpaka adhana ya alfajiri.

Sahani mia nne zilizooshwa alizifunga kwa kamba, akazipanga chumbani. Hakuna mahali pengine zilipokubali kukaa.

Mwezi uliofuata Jovitha alifiwa na mama mkwe. Alikuja dukani asubuhi, macho yamevimba.

"Mama Nice, nipe za watu mia tatu. Na vikombe."

"Ninazo nyumbani mia nne safi, nimeosha mwenyewe. Nitakuazima. Au tukatoe sanduku stoo."

"Zilizotumika?" Jovitha alishika kiuno. "Unataka ukoo wa mume wangu unisimange mpaka nife? Na hilo sanduku nani ataosha, mwenzetu? Watu wana kazi. Nipe mpya."

Josepha alimpa mpya. Wateja watatu walikuwa wanasubiri nyuma yake, na wote walitaka sahani.

Wiki tatu baadaye, Josepha alikuwa ameketi mbele ya duka anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Cha pili kilikuwa mezani nyumbani. Alizisikia kabla ya kuziona. Zilikuja kutoka upande wa Msimbazi zikiwa na vumbi jekundu, zikibingirika kwa ukingo, zikapita duka kwa duka kuelekea kwa Jovitha. Wamachinga walisogeza bidhaa bila kuinua vichwa. Nyuma yake ndani ya duka, mteja alikuwa anauliza kama boksi kubwa lina hamsini au mia.

"Mia," alisema Josepha.

Alivuta benchi zipite. Kisha akamaliza chai yake, akamfungia mteja mzigo, akaingia stoo kutafuta karai la kumpelekea Jovitha.