Neno la Valeria

Restituta alikuwa anachagua usipa, dagaa wa ziwani, sokoni Mbamba Bay, kapu liko kifuani, aliposikia mtu akiita kwa nguvu: "Sambulele!"

Kapu lilianguka. Dagaa wote wakamwagika mchangani, na yeye alikuwa ameshakimbia, khanga ikimfunguka kiunoni, akiwapiga watu vikumbo, mikono ameitanguliza mbele kama mtu anayewahi kudaka kitu kabla hakijafika chini. Aliwapita mafundi cherehani, akawapita wauza mihogo, akaibukia mbele ya jengo lenye bati jipya. Barazani palikuwa na mwanamume kwenye benchi, chupa ya bia mkononi.

"Vipi, mama?" alimwuliza huku akicheka. "Hapa ndivyo tunavyomwita mhudumu, sikukuita wewe."

Restituta alisimama akihema. Juu ya mlango palikuwa na ubao wa bluu, amechorwa mwanamke anayecheza, mikono huku, miguu kule. Chini yake, kwa herufi nyekundu: SAMBULELE BAR.

Neno hilo si Kiswahili. Si Kimatengo wala Kinyasa. Lilizaliwa katika nyumba moja tu, huko milimani Matiri, kinywani mwa mtoto mmoja. Valeria, mdogo wake Restituta, aliugua homa kali angali mchanga. Alipopona, ulimi wake ulikuwa mzito na kifafa kimemwingia. Maneno ya watu yalimshinda, akajitungia ya kwake. Mwezi aliuita kwekwele. Maua ya kahawa, shamba linapochanua likawa jeupe lote, aliyaita nyinyiri. Nyumba nzima ikajifunza lugha yake. Hata baba yao, mzee Urbani, mtu mkali asiyependa mzaha, siku moja alimwambia jirani kwamba mwaka huu nyinyiri ni nyingi, jirani akabaki amemkodolea macho.

Sambulele lilikuwa neno la hofu. Valeria alikisikia kifafa kikimjia mwilini kabla hakijamwangusha, naye aliita mara moja tu, kwa kuwa nafasi ya kuita mara ya pili hakuwa nayo. Ukilisikia unaacha jembe, unaacha chungu mekoni, unakimbia. Wa kwanza kufika alimshika kichwa kisigonge jiwe. Mara nyingi wa kwanza alikuwa Henry, kitinda mimba, mwenye mbio kuliko wote. Wakubwa walifika wakamkuta amekaa chini, kichwa cha dada yake kiko mapajani mwake, anamfuta povu kwa shati lake la shule.

Valeria alikufa akiwa msichana mkubwa, kitandani, shavu lake likiwa kiganjani mwa mama yao, Hildegardi. Tangu hapo maneno yake mengine waliendelea kuyatumia, na wajukuu wakayarithi. Lile la hofu hakuna aliyelitamka tena. Walimwachia mwenyewe.

Sasa lilikuwa limeandikwa juu ya mlango wa baa, na baa ilikuwa ya Henry.

Restituta alijua kwamba mdogo wake amefungua baa ziwani. Miaka ile kila mtu alikuwa anafungua kitu. Kahawa haikuwa tena ya chama cha ushirika peke yake. Wanunuzi binafsi walikuwa wamemiminika Mbinga na malori yao, na Henry, aliyeanza kwa kuwapigia debe vijijini, aliteremka Mbamba Bay na mwenzake mmoja wa Songea aitwaye Shukrani, wakajenga. Kila alipopanda kuwasalimia nyumbani aliwasimulia habari za jokofu, za spika, za wateja wanaovuka na boti kutoka ng'ambo. Jina la baa hakuwahi kulitaja.

Restituta alijifunga khanga, akaingia.

Ndani muziki ulikuwa unapiga. Vijana walikuwa katikati ya ukumbi, wanatetemeka mwili mzima, macho wameyageuza weupe, vidole wamevikunja. Mmoja alianguka chini akawa anarusha miguu. Wenzake wakashangilia na kugonga meza.

"Ndio mtindo wa hapa, mama," mhudumu alimwambia, akidhani ni mgeni anayeshangaa. "Unatetemeka, unaanguka, watu wanashangilia. Bosi Henry ametufundisha mwenyewe."

Restituta alihisi masikio yanamwaka. Angeambiwa kwamba Henry ameuza shamba la baba yao, asingeumia hivyo.

Henry alitokea kaunta, akamwona, akaja anatabasamu huku macho yanatafuta pa kujificha. "Dada! Shikamoo. Ungetuma salamu kwamba unakuja, ningekuandalia."

Restituta hakuitikia. "Henry, hawa wanacheza nini?"

"Ni mchezo tu, dada."

"Nimekuuliza wanacheza nini."

"Vijana hao. Wamechangamka." Alishusha sauti. "Siku moja nilikuwa nimelewa kidogo, nikawaonyesha. Wakaupenda. Tufanyeje? Hapa biashara ni jina. Baa ziko nyingi, mtu anataka kitu ambacho hakukisikia kwingine. Na neno lenyewe halina mwenyewe. Hata maana halina."

"Halina maana?"

"Kwa watu wengine, namaanisha. Usinikasirikie hivyo mbele ya wateja. Kaa hapa, nikuletee soda baridi."

Aliondoka haraka, akaingia stoo ya nyuma. Restituta hakukaa. Alibaki amesimama, akimwangalia yule kijana aliyelala sakafuni akirusha miguu. Alijua atakachofanya.

Aliita. Hakuita kama walevi walivyoita. Aliita kama Valeria, kwa sauti nyembamba inayopanda na kukatika juu kabla neno halijaisha.

"Sambule—"

Kutoka stoo ilisikika kreti ikianguka na chupa kupasuka. Henry alitoka mbio, akaruka benchi, akamsukuma mtu na bia yake, akajitupa magotini katikati ya ukumbi, viganja viwili wazi, tayari kupokea kichwa. Wateja walicheka, wakidhani bosi anaonyesha mtindo mpya. Halafu waliuona uso wake, mmoja mmoja wakanyamaza. Spika peke yake ndiyo iliyoendelea kupiga kelele.

Henry alitazama viganja vyake. Kisha alimtazama dada yake.

"Umenifanyia hivi mbele ya watu?"

"Na wewe umemfanyia nani mbele ya watu?"

Hakungoja jibu. Alitoka, akarudi sokoni kuokota kapu lake, akapanda lori la kwanza lililokuwa linakwea Mbinga.

Sikukuu ya Noeli, Henry alikuja Matiri na sukari, mchele na kitenge kipya cha mama yake. Alipiga hodi akamsifu Yesu Kristo mlangoni, Hildegardi akaitikia milele amina, akamkaribisha kwa furaha. Restituta alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua kichwa.

"Mwambie mama baa yako inaitwaje," alisema.

Henry alijaribu kucheka. Mama yao aliwatazama wote wawili, akangoja. Mwisho Henry akalisema, akaeleza na uchezaji wake, akijikwaa kila neno.

"Nilichoka, mama," alimalizia. "Neno lile lilinikaa hapa kifuani miaka yote. Nikilikumbuka, nakimbia usingizini. Nikaona nilipeleke mahali penye watu wanaocheka, labda litaniacha."

Hildegardi hakupandisha sauti.

"Mtu akianguka watu wanashangilia?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi sikuzaa mtoto wa kushangiliwa akianguka." Alikikunja kile kitenge, akakirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni. "Nenda ukakiteremshe kibao. Vitu vyako utaleta siku nyingine."

Mwaka mpya ulipoanza, kibao kiliteremshwa. Shukrani alinung'unika, lakini alikubali, baa ikaitwa jina jingine. Henry akaja tena, mama akampokea. Restituta alimpikia ugali, akamwekea maji ya kunawa, akasema naye habari za shamba na za mvua. Zaidi ya hapo hakumpa kitu.

Kwa kuwa neno lilikuwa limeshatoka. Utingo wa malori walilipandisha Mbinga, likafika Mapera, likafika Ukata. Mwezi wa sita Restituta alialikwa harusini Ukata, na jioni, redio ilipofunguliwa, watoto wa shule walijipanga uwanjani, wakapiga kelele wote kwa pamoja, "Sambulele!", wakaanza kutetemeka na kujiangusha kwenye vumbi huku wazazi wao wakiwapigia makofi.

Restituta alikatiza katikati ya uwanja, akaizima redio.

Mjomba wa bibi harusi, mzee Mansuetus, alimjia mbio. "Mama, kuna nini? Unatuharibia sherehe!"

"Mnamcheza mdogo wangu," Restituta alimwambia.

Mzee alimtazama usoni, kisha akatazama kikombe kilichokuwa karibu na kiti alichotoka Restituta, kama anayepima amekunywa kiasi gani. "Nenda ukapumzike, mama," alisema kwa upole.

Restituta hakubishana naye. Aliufuata ua wa majani marefu ya mabingobingo kuelekea barabarani. Hakuwa amefika hata kwenye daraja redio ilipowashwa tena, na watoto wakapiga kelele kwa nguvu kuliko mwanzo. Miguu yake ilitaka kugeuka ikimbilie sauti. Aliilazimisha kwenda mbele, meno ameyakaza, ngumi ameikunja ndani ya khanga.